Pimbi na Chuo Kilichofungwa

Chuo cha wanyama kilikuwa na mwanafunzi mmoja, Pimbi, asiyejua kutulia. Ngiri, mbunge aliyegombea tena kwa Chama cha Pembe, alipokuja kuomba kura za vijana, Pimbi alimwamini. Akapita bweni kwa bweni mpaka wanafunzi wote wakajiandikisha kupigia kura pale pale chuoni.

Lakini siku ya mkutano wa kampeni wanafunzi wakamuuliza Ngiri kwa nini mabweni yanavuja miaka yote hiyo. Ngiri akajua kura zao hatazipata. Wiki moja kabla ya uchaguzi akashinikiza chuo kifungwe, kila mmoja arudi kwao.

Huko kwao miambani, Pimbi hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anakaa. Aliona ni yeye aliyewaponza wenzake: majina yao yako chuoni, wao wako mbali. Siku ya tatu akaondoka kuwafuata mmoja mmoja, akianza na Swala.

"Twende tukapige kura."

"Kwa mguu?" Swala akashangaa.

"Kwa mguu. Tutapumzika tukishapiga."

Siku ya uchaguzi Ngiri akakuta foleni ndefu nje ya geti. "Nyie watoto, mmefuata nini? Chuo kimefungwa!"

"Kilichofungwa ni chuo, mzee," Pimbi akajibu. "Kituo cha kura kiko wazi."

Kura zilipohesabiwa, Ngiri akaanguka vibaya. Mpinzani wake aliyeshinda, Nyumbu, akaja kuwashukuru wanafunzi, akafungua hotuba ndefu. Pimbi akamkatiza kwa adabu.

"Shukrani baadaye, mheshimiwa. Kesho asubuhi tuko ofisini kwako, na habari ya mabweni."