Kikombe cha Radoni

"Hiki nacho niwe nakitoa nje kila asubuhi, kama kile cha kwanza?" mama akaniuliza.

Nilikuwa nimeshika kikombe kipya cha plastiki. Ndicho tunachopimia radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayotoka kwenye mawe na kuharibu mapafu taratibu. Mwaka juzi kile cha kwanza kilikaa chumbani humu miezi mitatu.

"Mama, si nilisema kisitoke?"

"Ulisema watoto wasikiguse. Mimi ni mtoto? Kifaa cha watu nikifungie kwenye chumba chenye hewa nzito hivi! Nilikuwa nakianika uani, kipate hewa. Jioni nakirudisha."

Ukuta ulikuwa wa mawe meusi ya volkano, yenye vitundu kama sifongo. Nikapitisha kidole. Juu ya kitanda cha binti yangu ilining'inia ripoti yangu ya kikombe kile cha kwanza, mama ameitia fremu: SALAMA, na sahihi yangu chini.

Mtaalamu mzima, nikamhamishia mwanangu humu kwa vipimo vya hewa ya uani.

"Kwani nimeharibu?" mama akauliza.

Nikainama, nikaanza kukunja godoro.