Pole kwa Mzee Tembo

Tembo na Kifaru walizoea kujaribu nguvu zao kwa kukanyaga ardhi kwa kishindo, na kila walipokanyaga, mashimo ya wanyama wadogo yaliporomoka yakafukia watoto. Fuko haoni, lakini husikia kila mtikisiko. Akamwendea mnyama mmoja mmoja kumbembeleza, mpaka wote wakaahidi: hakuna kukanyaga tena, hata kwa kujaribu tu.

Siku moja Tembo akaenda mbali, akakanyaga kwa siri. Kulipokucha akawakuta wanyama wote nyumbani kwake, Kifaru akiwemo.

"Shikamoo, mzee," alisema Fuko. "Tumekuja kukupa pole. Nilisikia ardhi ikitikisika kwa uzito wako, nikawaambia wenzangu umeanguka, maana Mzee Tembo havunji ahadi."

Tembo akainamisha mkonga. "Ni kweli, nilianguka."

Mpaka leo hajaanguka tena.