Nafasi ya Mtu Mmoja

Fundi Eliabu alikuwa akipachika vipande vya chupa juu ya ukuta mpya wa kanisa, saruji ikiwa bado mbichi.

"Mji umestaarabika, fundi," mchungaji alimwambia kutoka chini. "Bila ukuta wataiba hata madhabahu."

"Na Yesu akija, baba mchungaji?"

"Si atapita getini?"

"Geti lina kufuli."

Mchungaji alicheka, akaenda zake. Eliabu akaacha nafasi ya mtu mmoja bila chupa, akailainisha kwa mwiko, ili atakayekuja apate pa kuingilia.

Asubuhi alipanda ngazi kutazama kazi yake. Pale palipolainishwa, saruji ilikuwa imekauka na alama ya unyayo wa mtu pekupeku. Vidole vilielekea nje, barabarani.