Mashimo ya Diwani Mhanga

Zamani wanyama walipokuwa wakipiga kura, Mhanga, mchimbaji wa mashimo ya kuuza, alichaguliwa diwani, na wateja wakafurika. Nyani akasema biashara ile inabebwa na cheo. Mhanga aliumia.

"Ni kucha zangu hizi," akasema, akajiuzulu ili wote waone.

Msimu mzima hakuja mteja. Akamwendea rafiki yake Ngiri.

"Mwenzangu, kumbe mashimo yangu mabaya?"

"Ninayo matatu," Ngiri akajibu kwa upole. "Mawili niliyanunua ulipopata cheo, nisije nikaonekana mpinzani. Sijawahi kuyaingia. Nalala katika lile la zamani, ulilonichimbia kabla hujachaguliwa."

Mhanga akainamisha pua yake ndefu. "Na hilo linavuja?"

"Halijawahi kuvuja, hata masika."

Mhanga akafuta machozi, akarudi kuchimba.