Kura ya Daraja

"Litabeba tu, Mheshimiwa! Vitunguu vinaoza," Diwani Shamte alifoka. "Uchaguzi ni Jumapili. Ukilifunga daraja, jiandae kurudi kwenye cherehani."

"Cherehani ipo, na nimeitia mafuta," Meya Tunu alijibu, macho yake kwenye ufa wa daraja uliokuwa umepanuka tangu jana. Mhandisi aliyelikagua alikuwa ameshasema "huenda likabeba" mara tatu. Madiwani saba walisimama kando ya lori la kwanza la vitunguu, tayari kunyoosha mikono kupiga kura kama kawaida ya baraza lao.

"Leo hatunyooshi mikono," Tunu alisema. "Anayetaka malori yapite, apande juu ya vitunguu avuke nayo."

Shamte alicheka. "Aa, mama, mimi nina presha."

Wengine walisogea mbali na lori. Tunu aliwangoja. Alijua mji mzima utamlaani kwa vitunguu hivyo, na kiti atakipoteza. Kisha akamwamuru dereva alikingamishe lori mlangoni mwa daraja, akachomoa ufunguo mwenyewe, akautupa mtoni.

Nyuma yake, foleni nzima ya malori ikaanza kupiga honi.