Helmeti ya Bahizi

Mheshimiwa Mkangara alifika kwenye ujenzi wa soko na kipaza sauti, awaambie mafundi kwamba wageni hawaheshimu sheria wala maadili ya taifa. Getini akamkuta Bahizi, msimamizi wa zamu, mzaliwa wa ng'ambo ya mpaka.

"Karibu, mheshimiwa. Ila bila helmeti huingii. Ndiyo sheria."

"Unanifundisha sheria nchini kwangu?"

"Nalinda kichwa chako, mzee."

Helmeti ya ziada haikuwepo. Bahizi akavua yake, akampa, akapokea kofia ya chama aliyoivua mheshimiwa, kisha akatoka nje ya geti.

Mashine ya zege ikazimwa, maana bila msimamizi hakuna kazi. Mheshimiwa alipowasha kipaza sauti, mafundi walishakaa nje kivulini na Bahizi, aliyekuwa akiipangusa vumbi ile kofia.