Azalea za Mama

Delmas alimimina majivu ya mama yetu kwenye shimo la kupandia ua la azalea, akatupa kopo lake kwenye pipa la taka, kisha akafungua mfuko wa karanga za kuchemsha bila hata kunawa.

Akabana ganda, akafyonza maji ya chumvi, akalamba kidole gumba kilichokuwa bado cheupe kwa vumbi.

"Kanawe, wewe! Huyo ni Mama."

"Si mwenyewe ndiye aliyetaka alale chini ya azalea mbele ya nyumba yake? Basi, Dada, Oktoba ndiyo hii, mwezi wa kupanda. Aprili utaona zitakavyochanua."

Ni kweli, Mama alitaka hivyo. Nilipanda mche, nikaacha shina juujuu bila kulifukia, kama alivyotufundisha, nikaingiza mkono kwenye rundo la majani makavu ya msonobari ili niufunike. Vidole vikagonga bati. Nikalivuta.

NYUMBA INAUZWA. Chini yake, namba ya simu ya Delmas.

Akaacha kutafuna. "Usianze, Dada. Dalali kasema maua yanavuta wateja."

"Kwa hiyo Mama ni mbolea?"

"Kwani yeye atajua?"

Nikaenda kwenye pipa, nikalitoa kopo katikati ya maganda ya mayai, nikalipangusa kwa upindo wa gauni langu. Kisha nikang'oa mche, nikapiga magoti, nikaanza kumchota Mama kwa viganja, pamoja na udongo wake.

Delmas akainama kunisaidia.

"Toa mikono yako," nikamwambia. "Hujanawa."